Uvimbe ukishatolewa, kinyama kinakwenda wapi?

Katika kata ya Bukiriro, kama kwingineko wilayani Ngara, tumbo la mtoto likivimba majibu yapo tayari. Ni bandama, maana malaria ya Kagera haina huruma. Ni minyoo. Ni chango. Mara nyingi majibu hayo huwa ya kweli, na muuguzi wa zahanati anayeanza na kipimo cha malaria na dawa ya minyoo anafanya kazi yake inavyotakiwa. Lakini yupo mtoto mmoja, adimu sana, atakayemeza dawa ya minyoo na kutibiwa malaria, na tumbo lisibadilike, kwa sababu kilichomo humo alizaliwa nacho.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo. Yanamhusu pia mtu mzima ambaye alikuwa mtoto huyo bila yeyote kujua.

Kitu chenyewe ni kifuko. Kimeota ubavuni mwa mfuko wa chakula, mara nyingi kwenye ule upinde wake mkubwa, na ukuta wake umeumbwa kama ukuta wa mfuko wenyewe: msuli kwa nje, utando laini kwa ndani. Viwili hivyo vimeshikana kiasi cha kuchangia msuli na mishipa ya damu, ila kwa ndani hakuna njia ya kutoka kimoja kuingia kingine. Zaidi ya vifuko vinane katika kila kumi vimezibwa pande zote, kama chumba kilichojengwa bila mlango. Utando wa ndani unaendelea kutoa ute, na mara nyingine tindikali ileile inayosaga chakula, na vyote hivyo havina pa kutokea. Kifuko kinajaa, kinakaza, kinaanza kuwasukuma jirani zake.

Vifuko vya aina hii vinaweza kuota popote kwenye njia ya chakula, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na vingi huota kwenye utumbo mwembamba. Mwaka 1937 William Ladd, daktari wa upasuaji wa watoto wa Boston, Marekani, alipendekeza vyote vihesabiwe kuwa ugonjwa mmoja badala ya kila daktari kuvipa jina lake. Vilivyoota kwenye mfuko wa chakula ni kama vinne tu katika kila mia. Hivyo tunazungumzia uchache ndani ya uchache.

Vinatokana na nini? Kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba, njia ya chakula ya mtoto bado ni bomba jembamba linaloanza kujigawa kuwa koo, mfuko na utumbo. Mwaka 1944 mtaalamu wa Marekani aitwaye Bremer alieleza kwamba bomba hilo huziba kwa muda na kisha kujizibua, na kwamba likijizibua vibaya linaweza kuacha tundu la pembeni lisiloungana na njia kuu. Wengine walikuja na maelezo tofauti: kwamba bomba la chakula hushikamana na chembechembe za uti wa mgongo na kuvutwa kando, ndiyo maana baadhi ya watoto hawa wana pia kasoro kwenye pingili za mgongo. Hakuna maelezo hata moja yanayotosheleza kila kifuko. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kasoro hii hutokea mapema mno, mara nyingi mama akiwa hajajua kama ana mimba, na hakuna chakula alichokula, kazi aliyofanya wala mtu aliyemkosea aliyeileta. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mtoto akizaliwa na kasoro, katika vijiji vyetu anayehojiwa kwanza ni mama yake. Mama huyo hana kosa.

Ni watoto wangapi? Vitabu vya tiba hutaja kifuko kimoja cha njia ya chakula katika kila maiti 4,500 zilizofanyiwa uchunguzi, na kwa mfuko wa chakula pekee hutaja watoto 17 katika kila vizazi hai milioni moja. Makadirio hayo yametoka nchi za mbali, lakini hebu tuyaazime. Wilaya ya Ngara ilihesabiwa watu 320,056 katika sensa ya 2012. Kwa idadi kama hiyo, na kwa kiwango cha uzazi cha vijiji vyetu, mtoto wa namna hii huenda akazaliwa wilayani mara moja katika kila miaka minne au mitano. Muuguzi atakayetumikia Ngara hadi astaafu anaweza asikutane naye hata mara moja. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kukutana naye mara moja na asijue alichokutana nacho.

Wengi wa watoto hawa hujitokeza kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wasichana wakiwazidi wavulana. Mtoto anatapika baada ya kunyonya, matapishi yasiyo na nyongo, kiasi kwamba daktari anaweza kudhani ni ile hali ya kuziba kwa mlango wa mfuko wa chakula wa mtoto mchanga. Uzito haupandi, na kwenye kadi ya kliniki mstari unalala. Mkono ukipapasa juu ya kitovu unakuta kitu laini, cha duara. Baadhi hutapika damu au kupata choo cheusi, kwa sababu tindikali iliyofungiwa ndani ya kifuko imechimba kidonda hadi ikaula ukuta. Huyu wa damu ni wa dharura, si wa kusubiri siku ya kliniki.

Kwenye picha ya altrasaundi, kipimo ambacho hospitali za wilaya zinacho, kifuko hiki kina alama inayomsaidia mpimaji makini: ukuta wake huonekana una tabaka mbili, mstari mweupe wa utando kwa ndani na mstari mweusi wa msuli kwa nje. Vifuko vya maji vya mahali pengine tumboni, kama vya ovari au vya kwenye pazia la utumbo, kwa kawaida havina tabaka hizo mbili. Ni alama ndogo, lakini mtu aliyeonyeshwa mara moja ataikumbuka, na kuifundisha hakuhitaji mashine mpya.

Sasa tuje kwa yule mtu mzima, na kwa saratani.

Mwaka 1955 Mayo na wenzake wawili, madaktari wa Marekani, waliandika katika jarida la upasuaji habari ya mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imeanzia ndani ya kifuko cha namna hii. Tangu hapo ripoti nyingine zimeandikwa, kutoka Japani, Marekani na kwingineko, chache kiasi kwamba wanaoandika mapitio huzihesabu moja moja. Karibu wagonjwa wote ni watu wazima. Aina ya saratani kwa kawaida ni ileile inayoota kwenye utando wa mfuko wa chakula, ingawa aina nyingine adimu zimeonekana pia.

Msomaji atataka kuuliza: basi ni asilimia ngapi ya vifuko hivi hugeuka saratani? Hakuna asilimia ya kuaminika, na sababu yake inafaa kuelezwa. Ili upate asilimia unahitaji namba mbili: waliopata saratani, na wote wenye kifuko. Namba ya kwanza inapatikana, kwa kuwa daktari anayekuta saratani mahali pa ajabu hukimbilia kuandika. Namba ya pili haipo. Mwanamke wa Bukiriro anayeishi na kifuko chake miaka sabini, akalima maharage yake na kulea wajukuu, kisha akafa kwa uzee, hakuna jarida litakalomwandika. Wenye amani hawahesabiwi. Kwa hiyo ukisoma mapitio ya wagonjwa wazima walioandikwa na kukuta saratani kwa wengi wao, usidhani ndivyo ilivyo mitaani. Umeona tu wale waliofika kwa daktari aliyeshika kalamu. Hatari ipo, ni ya kweli, na ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja. Zaidi ya hapo, anayetaja namba anabahatisha.

Kwa nini kifuko kigeuke? Maelezo ambayo madaktari wengi wanayakubali ni ya uchovu wa utando. Tindikali na ute vikikaa miaka ndani bila kutoka, utando huchubuka na kujirudishia, huchubuka tena na kujirudishia tena. Chembe zinazozaliwa upya kila mara zina nafasi zaidi ya kukosea, na baadhi hubadilika umbo taratibu hadi kuvuka mpaka. Maelezo haya yanaendana na kwamba saratani huonekana kwa watu wazima na si kwa watoto wachanga.

Kinachonitia hofu zaidi ya uwezekano wenyewe ni jinsi saratani ya humo inavyojificha. Saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula inaweza kuvuja damu ikatoka kwenye choo, au kuonekana daktari anapoingiza kamera mdomoni. Iliyo ndani ya kifuko kilichozibwa haivujishi kitu kwenye njia ya chakula. Kamera ikiingia inaona ukuta umetuna kwa ndani, juu yake utando mzima, wa afya. Daktari akichota kinyama kwa koleo la kamera, anachota utando huo wa afya, na majibu yatarudi yakisema hakuna tatizo. Hata maji ya kifuko yakivutwa kwa sindano, vile viashiria vya saratani vinavyopimwa kwenye maji hayo vinaweza kupanda sana kwenye kifuko kisicho na saratani yoyote. Kipimo cha CT kinaweza kuonyesha ukuta ulionenepa mahali pamoja au nundu imara ndani ya maji, na hapo shaka inakua. Uthibitisho hupatikana kifuko kikishatolewa na kukatwakatwa chini ya darubini.

Ndiyo sababu ya kukitoa, na kukitoa chote. Zamani baadhi ya wapasuaji walitoboa njia kati ya kifuko na mfuko wa chakula ili maji yapate pa kutokea, wakafunga tumbo. Mgonjwa alipata nafuu. Lakini utando ulibaki mahali pake na kazi yake ileile, pamoja na hatari zake zote, za vidonda na za saratani. Leo kinachopendekezwa ni kukiondoa kizima pamoja na kipande chembamba cha ukuta kilichoshikamana nacho, na mfuko wa chakula ukashonwa. Kama kimeenea kiasi kwamba kukitoa chote kungemwacha mtoto bila mfuko wa chakula wa kutosha, daktari hubandua utando wote wa ndani na kuacha msuli, kwa kuwa msuli peke yake hauna ule utando unaoleta balaa. Kwa mtu mzima ambaye kifuko chake kimeonekana kwa bahati, kidogo na bila maumivu, wapo madaktari wanaokubali kukifuatilia kwa picha. Wengi huona afadhali kitoke. Mimi ningekuwa mgonjwa ninayeishi Ngara, ambako picha ya kufuatilia ina maana ya nauli na siku za kazi zilizopotea kila mara, ningeomba kitoke.

Upasuaji wa mtoto wa miezi michache unahitaji mtu wa usingizi aliyezoea watoto, kwa hiyo kutoka hospitali za Ngara, Nyamiaga au Murgwanza, rufaa itaandikwa. Itampeleka hospitali ya Chato, au ya Bugando jijini Mwanza. Njia ya Mwanza inapita Benaco, Lusahunga na Geita, na tangu Juni 2025 inavuka Ghuba ya Mwanza juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Kwa mama mwenye mtoto anayetapika, kutokuwepo kwa foleni ile ya kivuko ni tiba kwa namna yake.

Tuseme upasuaji umekwenda vizuri na mtoto ameamka. Kwenye beseni la chuma kuna kifuko kilichotolewa. Kinakwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo familia hazifundishwi kuuliza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye chombo chenye formalini ya kutosha, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wake, kabla hakijaanza kuoza. Chombo kiandikwe jina, umri, mahali kilipotolewa na alichokiona daktari. Maabara ya patholojia itakiangalia kwa macho, ikate sehemu mbalimbali za ukuta, hasa palipo nene au pana nundu, izigandishe katika nta, izikate nyembamba kuliko unywele, izipake rangi na kuziweka chini ya darubini. Hatua yoyote ikirukwa jibu linapotea. Kinyama kilichowekwa kwenye maji ya chumvi na kusafirishwa siku mbili kwenye joto hakisomeki. Kilichotupwa, kwa sababu kilionekana cha maji tu na kisicho na neno, hakina atakayekirudisha.

Na madaktari wa patholojia nchini ni wachache, wengi wao wakiwa kwenye hospitali kubwa za mijini. Mara nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa kichupa, apande nacho basi, alipe kipimo, asubiri majibu. Familia ambayo imekwisha kuuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya upasuaji inaona mgonjwa amepona, na inaona kichupa kama gharama isiyo na sababu. Sithubutu kuilaumu.

Lakini kazi hii imewahi kufanyika katika ukanda huu wetu, na kwa vifaa duni kuliko vya leo. Miaka ya 1960, ng'ambo ya Mto Kagera, Michael Hutt, profesa wa patholojia Chuo Kikuu cha Makerere, alijenga utaratibu wa hospitali za mbali nchini Uganda, za serikali na za misheni, kutuma vinyama Kampala vipimwe na majibu yarudi. Daktari aliye peke yake mashambani alikuwa na darubini ya Makerere nyuma yake. Vinyama hivyo, vikiwekwa pamoja, viliwafundisha madaktari ni saratani zipi zinapatikana wapi katika Afrika Mashariki.

Kabla yake, mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa amemwona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, na muda si mrefu akamwona mwingine Jinja, mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Aliandika habari hizo mwaka 1958. Kilichothibitisha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja, saratani ya tezi, ni vinyama vilivyokuwa vimehifadhiwa na kusomwa Kampala na mtaalamu wa patholojia Gregory O'Conor na wenzake. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki kumi, kama kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ugonjwa huo leo una jina lake, na unahusiana na malaria kali ya utotoni pamoja na kirusi cha Epstein-Barr. Nautaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya vinyama. Ya pili ni onyo: uvimbe wa tumbo la mtoto unaokua ukiuona kwa siku chache, si kwa miezi, si kifuko cha kuzaliwa nacho hadi ithibitishwe hivyo. Huo wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na unatibika kwa dawa za sindano mtoto akiwahi.

Turudi Kagera ya sasa. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipoibuka Biharamulo, sampuli zilipimwa kwanza kwenye maabara tembezi ya Kabaile, hukohuko mkoani Kagera, kisha jibu likathibitishwa Dar es Salaam. Tarehe 20 mwezi huo Rais alilitangazia taifa. Najua kirusi kinachotishia nchi nzima hakiwezi kupewa uzito mmoja na kifuko cha mtoto mmoja. Lakini barabara ni ileile, madereva ni walewale, na kinyama ndani ya formalini hakiambukizi wala hakihitaji jokofu. Kinahitaji chombo, karatasi iliyojazwa, gari lenye siku maalumu na mtu wa kukipokea. Magari ya halmashauri hupeleka na kuleta chanjo, dawa na sampuli za kifua kikuu. Kuongeza sanduku la vinyama kwenye safari hizo, gharama ikabebwa na mfumo badala ya ndugu, ni jambo ambalo halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kulijadili kwenye kikao kimoja cha bajeti.

Wala faida haitakuwa ya mtoto wa kifuko peke yake. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 232 wa saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, katika hatua ya tatu au ya nne. Hao ndio wengi. Baba wa miaka hamsini Bukiriro anayekunywa dawa za vidonda vya tumbo mwezi wa nne sasa, huku nguo zikimlegea, ana uwezekano mkubwa mno wa kuwa na ugonjwa huo kuliko kifuko cha kuzaliwa nacho, na kinyama chake kitapanda gari lilelile.

Majibu yanapofika, mzazi ana haki ya kuomba nakala na kuelezwa maneno mawili yaliyomo: je, kifuko kilitoka kizima, na je, kulikuwa na chembe zilizobadilika? Kama kilitoka kizima na utando ulikuwa salama, mtoto hana dawa ya kumeza maisha yake yote. Atafuatiliwa kidogo, kisha ataachwa akue. Kama saratani imekutwa ndani ya ukuta wa kifuko cha mtu mzima, atapimwa tena kuona kama imevuka, na huenda akarudi kukatwa sehemu ya mfuko wa chakula na tezi zilizo jirani. Kwa saratani hii adimu hakuna mwongozo wake wa dawa, kwa hiyo madaktari wa Bugando au wa taasisi ya saratani ya Ocean Road watalazimika kuazima ule wa saratani ya kawaida na kuamua kwa kila mgonjwa. Naomba tu wamwandike pia, na waandike hata yule ambaye kifuko chake kilikutwa salama, maana ile namba ya pili inayokosekana katika vitabu itapatikana kwa kuwahesabu hao.